Msiniulize Zaidi

Mwanangu Tumaini,

Sikuulizi kama hujambo, maana nakusikia hapo uani unavyocheka na Bi Zuwena, na mtu anayecheka hivyo hajambo. Nimejifungia chumbani nikasema nakunja nguo zako. Nguo nilishazikunja jana. Ninaandika.

Ya chandarua, ya dawa za tumbo, ya kutompa mtu usiyemjua akushikie mzigo bandarini, hayo yote kakwambia baba yako, tena mara nyingi hata umeanza kummalizia maneno yake. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na mbili. Ningelisema kwa mdomo, lakini unanijua. Nikipewa nafasi ya kusema nitajitetea, na nikijitetea nitashinda, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko hata cherehani. Nitakutazama usoni, nitaona wapi pa kulegeza na wapi pa kulia kidogo, na tukimaliza utakuwa unanionea huruma mimi. Kwenye karatasi sikuoni.

Barua hii naitia ndani ya joho lako la kwaya, juu kabisa ya sanduku, ili uikute ukifungua kutia viatu. Nataka uisome kabla ya boti. Ukija kuisoma ukishafika bara, itakuwa nimekimbia tena.

Kanisani wananiita Mama Maombi. Umelikulia jina hilo na umelionea fahari. Ulipokuwa darasa la tano uliandika kwenye insha yako kwamba mama yako akiomba jambo, linatokea. Mwalimu wako wa shule alikupigia mstari mwekundu chini yake akaandika "vizuri sana". Nimeitunza insha ile, na kila nikiiona najisikia vibaya, kwa sababu ilikuwa kweli kuliko ulivyojua.

Nianzie kwenye kwaya. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Mwalimu Zakaria alikuwa bado anafundisha kwaya, tena ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na mimi nilikuwa naimba sauti ya kwanza. Siku moja katikati ya mazoezi aliinua mkono, watu wakanyamaza, akasema, "Bi Salome, unaimba au unatangaza?" Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, na baadaye akaniomba radhi mlangoni, akaniambia sauti yangu nzuri lakini niwangoje wenzangu. Nikamwambia hakuna neno, Mwalimu. Nikarudi nyumbani na lile neno "unatangaza" limenikaa hapa kooni, na halikushuka.

Hilo tu, Tumaini. Ningependa nikwambie lilikuwa jambo kubwa. Baadaye nililipa majina makubwa: Mwalimu kakaa sana kwenye kiti, nyimbo zake za zamani, vijana wanatukimbia, kanisa linahitaji damu mpya. Kila moja lilikuwa na chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo iliyonifanya nilale usingizi. Lakini chini yake kulikuwa na mwanamke aliyechekwa.

Kumwondoa mzee wa kanisa kama yule si kazi ya kelele. Anayepiga kelele kanisani hushindwa, hilo nililijua mapema. Kikao cha kanisa huisha kabla hakijaanza, kwenye majiko ya watu, kwenye baraza zao, unapopita na kisahani cha vitumbua ukasema, "Mimi sina neno, lakini nyinyi hamwoni?" Nilikuwa hodari wa kupita. Nilijua kushusha sauti mpaka mtu ainame kunisikia, na mtu akishainama, ameshakuwa wako. Nilijua kumfanya mtu adhani wazo ni lake. Hata hivyo nilipita nyumba nyingi na Mwalimu hakutikisika. Watu walimpenda. Alikuwa amewazikia wazee wao na kuwafundisha watoto wao kusoma nota.

Sasa sikiliza. Jumamosi moja nilikwenda kwake Mbweni kumpelekea majoho ya kwaya niliyokuwa nimeyashona. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, hajanyoa ndevu, na yeye ni mtu wa kunyoa kila siku. Nikamuuliza kama anaumwa. Akaniambia habari ambayo hakumwambia mtu mwingine kanisani.

Alikuwa na dada yake mdogo, jina lake la kwanza Marietha. Msichana huyo aliolewa na mkulima wa viungo huko Kidichi, akasilimu, akaitwa Mwanaidi, na ndugu zake wakaacha kumtaja. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa akimwendea. Sasa alikuwa na ugonjwa wa titi, umeshakwenda mbali, na hakutaka watu waje kumtazama. Kila Alhamisi Mwalimu alikuwa akienda kukaa naye.

"Niombee, Bi Salome," aliniambia. "Lakini liishie kwako."

"Naam, Mwalimu," nikasema. "Limefika."

Nilimwombea kweli. Jumamosi ile na Jumapili yake nilimwombea kwa machozi. Jumatatu nikaanza kufikiri.

Unaijua jumuiya yetu, nyumba kumi na kitu, Jumatano alasiri, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tunasoma, tunaimba, halafu kila mmoja anataja la kuombewa. Na unaijua adabu yake. Kumsema mtu hairuhusiwi. Ukianza tu "fulani bwana," wenzako watakukoholea. Lakini kumwombea mtu kunaruhusiwa, na jambo likishaletwa kama ombi hakuna anayeliuliza. Watu huinamisha vichwa. Kuuliza ni kukosa heshima, tena mbele za Mungu.

Jumatano hiyo ilikuwa kwetu, hapa hapa. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Tumwombee Mwalimu wetu Zakaria. Mambo yake ya Kidichi, Mungu ayatie mkono wake. Msiniulize zaidi."

Nikainamisha kichwa.

Sikusema uongo hata neno moja. Nataka uliangalie hilo vizuri, kwa sababu mimi nililishika kama ngao kwa miaka. Kila neno lilikuwa kweli, na hata ombi lenyewe alikuwa ameniomba mwenyewe. Lakini nilijua nafanya nini. Nilijua "mambo" ni chungu kitupu, na kila aliyekuwa mle chumbani ataondoka nacho akapike anachotaka. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Nikamsikia Mama Neema, wakati huo ndiyo kwanza ameingia jumuiya yetu, akisema "Ee Bwana" kutoka ndani kabisa. Alikuwa anajifunza.

Watu walipoondoka, Bi Zuwena alikuwa amekaa barazani kwake anachambua mchele. Dirisha letu na baraza yake, unajua, hakuna kinachopita asikisikie. Akaniita.

"Bi Salome. Yale maneno yenu ya leo, sisi twayaita kusengenya. Nyinyi mwayaitaje?"

"Maombi," nikamjibu.

"Aa," akasema. "Jina zuri."

Nikakasirika naye mwezi mzima. Baba yako naye, aliyekuwa amekaa mle ndani muda wote, aliniambia tukiwa tunaondoa viti, "Salome, ombi lile lina meno." Nikamwambia asiingilie mambo ya kiroho. Mpaka leo hajalirudia, wala hajalisahau.

Wiki ya pili Kidichi kukawa na mke. Wiki ya tatu mke akawa na mtoto. Kisha mtu akaapa kamwona Mwalimu kavaa kanzu njia ya Kidichi, basi akawa amesilimu kwa siri na huku anakuja kutuongozea ibada. Na kanzu alivaa, Tumaini, kwa kuwaheshimu wakwe za dada yake. Hayo yote yaliletwa kwenye jumuiya kama maombi. Kila Jumatano tulimwombea. Mimi sikuongeza neno. Nilikaa pale, mwenye ukweli wote mkononi, na wakinitazama nilitikisa kichwa kwa huzuni tu. Neno moja lingetosha. "Ni dada yake, mgonjwa." Sikulisema.

Sasa nifike kwako.

Ulikuwa ukienda kwake kila Jumamosi kujifunza kinanda. Siku hiyo ulirudi mapema. Nilikuwa nashona. Ukasema, "Mama, Mwalimu leo hajanifundisha. Nimemwambia tunamwombea kila Jumatano mambo yake ya Kidichi, akafunika kinanda, akanipa chungwa, akasema nende nyumbani." Chungwa ulikuwa nalo mkononi. Ukaniuliza kama umekosea. Nikakwambia, "Hujakosea, kamenye chungwa lako."

Alikuja magharibi ile ile. Hakukaa. Nilimkaribisha chai, akakataa kwa mkono.

"Bi Salome, nilikupa jambo."

"Naam, Mwalimu."

"Umelipeleka wapi?"

Na mimi, mama yako, nikamtazama usoni nikamwambia, "Kwa Mungu."

Akasema, "Basi sawa," akavaa viatu vyake akaondoka. Nimeishi na mambo mengi ya aibu, na mengine nimeyasahau. Hilo "kwa Mungu" silisahau. Nililisema vizuri sana, kwa sauti ya upole.

Uchaguzi wa wazee ulipofika, hakuna aliyetaja Kidichi. Mzee mmoja alisimama akasema tumpe Mwalimu nafasi ya kupumzika, watu wakasema amina. Kura zikapigwa, Mwalimu akatoka, mimi nikaingia. Kwaya nayo akapewa mwingine. Mwalimu alisimama akashukuru kwa yote, akatupa mkono mmoja mmoja, akanikabidhi mimi ufunguo wa kabati la vitabu vya nyimbo. Akaniambia, "Mlango wake hukwama. Uuinue kidogo ndiyo ufunguke." Nikasema ahsante, Mwalimu. Kila Jumapili nauinua kidogo, unafunguka, na kila nikiuinua namsikia.

Kule bara, mtu akivunjwa na kanisa lake huvuka barabara akaingia jingine. Sisi Wakristo hapa kisiwani tu wachache, tunajuana mpaka viatu. Ukiivuka barabara unaingia msikitini. Hakuwa na pa kwenda. Ndiyo maana anakaa nyuma karibu na mlango, miaka yote hii. Mwezi uliopita uliniuliza kwa nini hakai mbele na wazee wenzake, nikakwambia, "Uzee, mwanangu, anapenda upepo." Nilikudanganya.

Dada yake alifariki mwaka ule ule. Bi Zuwena ana jamaa zake Kidichi, alikwenda kwenye msiba. Aliporudi akasimama hapo mlangoni na buibui lake, akasema, "Mwalimu wenu kafiwa na dada yake. Kumbe alikuwa na dada Kidichi, masikini. Kasimama peke yake kule, hakuna hata mtu wenu mmoja."

Nikasema, "Kumbe."

Hata ningekuwa na uongo wa kurasa mia usingefika kwenye "kumbe" ile. Mimi ndiye mtu pekee kanisani niliyejua yule marehemu ni nani. Ningeweza kwenda. Ningeweza kuwaambia watu twende. Lakini wangeniuliza nimejua lini, na hesabu ya wiki zile ingejileta yenyewe. Nikakaa na cherehani yangu. Habari ya dada ilipofika kanisani polepole, watu walisema "kumbe" kama mimi, wakaona haya kidogo, wakaendelea. Hakuna aliyemrudishia kiti. Mtu akishaombewa vya kutosha hawezi tena kurudi kama alivyokuwa.

Na yeye akaendelea kukufundisha. Jumamosi baada ya Jumamosi. Wiki mbili tu alikusimamisha, kisha akatuma salamu kwamba kinanda kinakungoja. Nilidhani atakwambia. Kila ukirudi nilikutazama usoni kabla ya kukujibu shikamoo yako, nione kama umeambiwa. Hakukwambia. Barua iliyokupatia nafasi kwenye chuo cha uchungaji kaiandika yeye kwa mkono wake, na macho yale yameshaingia ukungu. Unakwenda kwa sababu yake. Nami nimekaa mbele kanisani nikipokea pongezi za mtoto.

Utajiuliza kwa nini leo. Ningependa kukwambia dhamiri yangu iliamka yenyewe. Haikuamka. Iliamshwa Jumatano hii iliyopita.

Jumuiya ilikuwa kwa Mama Neema. Ulikuwa umekwenda kuaga Bububu. Unajua kwamba Neema naye aliitaka nafasi hiyo ya chuo. Ilipofika zamu yake Mama Neema akasema, kwa sauti ya chini mpaka tukainama, "Tumwombee binti yetu Tumaini anayeondoka. Yale ya Forodhani, Mungu ayafunike. Msiniulize zaidi."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Nilikuwa nimeinama na wenzangu, na nikaufahamu ule ukimya. Niliufahamu kama ninavyoufahamu mshono wangu nikiuona njiani kwenye nguo ya mtu. Mtu akavuta pumzi. Mtu akasema "Ee Bwana."

Nikainua kichwa. "Yapi?" nikauliza.

Wote wakanitazama. Mama Neema hakukasirika, hata kidogo. Alinionea huruma. "Mama Maombi," akasema, "si wewe uliyetufundisha? Jambo likiletwa kwa Mungu hatuliulizi."

Nikainamisha kichwa tena. Waliomba. Kufika nyumbani, kwenye simu kundi la jumuiya lilikuwa limejaa ile mikono miwili ya kuomba, mistari na mistari, na jina lako juu yake. Tangu hapo wamekuja wawili kuniuliza, "Tumaini hajambo?" kwa sauti ile. Mimi sijakuuliza ya Forodhani ni yapi na sitakuzunguka nyuma ili nijue. Ukipenda kuniambia, niambie. Najua thamani yake. Thamani yake ni sawa na mke wa Kidichi.

Alhamisi nikaenda Mbweni.

Nilimkuta ananakili nyimbo kwa kalamu nene ili aone. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, karibu. Nikasimama. Nilikuwa nimejitayarisha maneno njia nzima, maneno mazuri, na nilipofungua kinywa nikasikia mwenyewe yalivyo mazuri, nikayaacha. Nikasema, "Mwalimu, nilijua ni dada yako, na nikanyamaza."

"Najua," akasema. "Nilikungoja mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nikaacha kungoja, nikapumzika."

Nikamwomba anisamehe. Akafunga kalamu yake.

"Msamaha nshakupa zamani, Bi Salome, kwa ajili ya usingizi wangu mwenyewe. Ukweli ndio hujanipa."

"Nishakupa sasa hivi, Mwalimu."

"Mimi nilikuwa nao," akasema. "Wape wasiokuwa nao. Na uanze na Tumaini. Huko anakokwenda watu watampa mambo yao ayabebe. Ajue linavyoweza kumwagika jambo mkononi mwa mtu mwema."

Alisema mtu mwema. Hakuwa ananikejeli, ndiyo maana nililia njia nzima.

Basi nimekwambia. Na leo asubuhi, Tumaini, mchungaji aliponiita mbele nikuombee mbele ya kanisa, nilikwenda na nia ya kusema yote. Naapa nilikuwa nayo. Nikasimama, nikaziona nyuso zile, Mama Neema kwenye benchi la pili, wazee, wewe na gauni lako jeupe, na mdomo wangu ukajifungulia wenyewe njia unayoijua. Nikaomba. Nikaomba vizuri, watu wakatoa vitambaa vyao. Mwalimu Zakaria hakufumba macho. Alinitazama kutoka kule mlangoni mpaka amina. Wewe ulinikumbatia ukaniambia, "Ahsante, Mama." Nikaipokea.

Nina la kukwambia kuhusu kazi unayoiendea, na najua sina mdomo wa kulisemea. Sikwambii usishawishi watu. Watu wakikaa pamoja watavutana tu, hata wakiwa wanaomba, na asiyeweza kumvuta mwenzake kwenye jambo jema hafai kanisani wala sokoni. Unakumbuka wazee walikuwa hawataki mtoto wa kike aguse kinanda cha kanisa? Nililipigania lile kabla hujaanza hata kusoma. Nilipita nyumba kwa nyumba pia, na vitumbua vile vile. Lakini nilichokisema jikoni kwa mtu nilikisema tena kikaoni mbele yao wote, na waliokataa walinikatalia usoni, tukagombana, tukapatana. Aliyekuwa wa kwanza kusimama upande wangu ni Mwalimu Zakaria. Ule ulikuwa ushawishi, na hauniumi. Huu mwingine niliufanya vichwa vikiwa vimeinama, na jina la mtu lilikuwa mle chumbani yeye mwenyewe hayumo.

Ukipewa jambo la mtu, kabla hujalipokea muulize liishie wapi, na liishie hapo. Ukisikia ulimi wako unalitengeneza liwe zuri, nyamaza kwanza. Na ukisikia mtu anasema msiniulize, uliza. Watakuona huna adabu. Uliza tu. Siku ile hapa kwetu tulikuwa watu wazima chumba kizima, na mmoja angeuliza "mambo gani?" ningeaibika dakika tano na Mwalimu angebaki na kiti chake na heshima yake.

Jingine ni hili, nalo nilikuwa nalificha kuliko yote. Usije ukakaa huko ukafikiri wewe ndiye uliyempelekea maumivu yale na chungwa ukapewa. Nimekuona tayari unavyojilaumu kwa vitu. Katika sisi sote tuliokuwa tukimwombea Mwalimu Zakaria wiki baada ya wiki, ni mmoja tu aliyemwendea mwenyewe akamwambia. Alikuwa na miaka tisa. Wewe ulifanya lililotakiwa kufanywa na sisi sote, na hukujua hata kama ni zito.

Kesho bandarini watakuja wote. Jumuiya, mchungaji, Mama Neema na kanga yake mpya. Mwalimu Zakaria atakuja, atasimama pembeni kwenye kivuli kama kawaida yake. Mizigo ikishaingia watatuzunguka, na mchungaji atasema, "Mama Maombi, tuombee." Nataka nimwambie leo ataomba Mwalimu. Nataka niseme kwa nini, mbele yao wote, kwa maneno mafupi: ilikuwa dada yake, alikuwa mgonjwa, nami nilijua.

Nataka. Lakini hata leo asubuhi nilitaka.

Kwa hiyo nakuomba kitu, na ukiona ni kizito kwa mtoto kukifanyia mzazi wake, una haki ya kukiacha. Ukiniona kesho nimeshafumba macho, ukiisikia ile sauti yangu nzuri inaanza, usiinamishe kichwa. Niite. Nitaitika. Kisha mbele ya Mama Neema, mbele ya mchungaji na mbele ya Mwalimu wako, kwa sauti ile uliyomwambia nayo siku ile una miaka tisa, sema: Mama, mambo ya Kidichi yalikuwa mambo gani?

Niulize, mwanangu. Nitajibu.

Mama yako,
Salome